Julie Mehretu, sukari na bamba la shaba

Kila mwaka, kabla sijawaruhusu vijana wangu wa darasa la kuchapa picha kugusa asidi, nawaonyesha kwanza kazi za mchoraji Julie Mehretu. Safari hii mmoja aliinama juu ya meza, akakodoa macho, kisha akauliza: "Mwalimu, hii ni muji ao ni moshi?" Vyote viwili, nikamwambia, na somo likaanzia hapo.

Mehretu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970. Baba yake ni Mwethiopia aliyekuwa mwalimu wa jiografia chuo kikuu. Mama ni Mmarekani. Mwaka 1977, machafuko yakiwa yamepamba moto, familia ilihamia Michigan, Marekani. Alisoma Kalamazoo, akapitia Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop huko Dakar, akachukua shahada ya uzamili Rhode Island mwaka 1997. Tuzo ya MacArthur, ya Marekani kwa watu wenye ubunifu mkubwa, ilimfikia mwaka 2005.

Wengi hudhani picha isiyo na mtu wala kitu imechotwa hewani. Yake ina msingi. Katika turubai (vitambaa vya kuchorea) zilizomjengea jina, chini kabisa kuna michoro ya wasanifu majengo: viwanja vya ndege, viwanja vya mpira, ramani za miji. Juu yake anapaka akriliki angavu, rangi isiyoziba kilicho chini, anaisugua mpaka iwe laini, anachora tena, na tabaka la chini linaendelea kuonekana kwa mbali.

Lakini mimi ni mchapaji wa picha: tunachimba mchoro kwenye bamba la shaba, tunalipaka wino, tunaligandamiza kwenye karatasi; hivyo hapa Lubumbashi nasisitiza tumsome kupitia shaba. Mababu wa Katanga, eneo letu hili, waliiyeyusha wakatengeneza misalaba ya kufanyia biashara, nasi tunaiona ikipita kwenye malori kila siku. Hata hivyo vijana wangu wengi hushika bamba la shaba lililosuguliwa kwa mara ya kwanza darasani kwangu. Hilo huniuma.

Tazama *Epigraph, Damascus* ya mwaka 2016, iliyochapwa Copenhagen kwa mchapaji Niels Borch Jensen. Ni vipande 6, na vikipangwa pamoja upana wake unakaribia mita 6. Chini kuna majengo ya Damascus, mji wa nchi iliyokuwa vitani. Juu yake zimetapakaa alama nyeusi za brashi.

Moja ya mbinu za kazi hiyo ni ya sukari. Unaichemsha iwe nzito, unaichanganya na wino, unapiga brashi juu ya shaba. Ikikauka, unafunika bamba lote kwa vanishi nyepesi, kisha unalizamisha kwenye maji ya uvuguvugu. Sukari inavimba, inainua vanishi kama utando wa maziwa, na shaba inabaki wazi pale tu mkono ulipopita. Unanyunyiza unga wa utomvu mkavu wa mti, unaupasha moto ushike, ndipo asidi inaingia. Inakula shaba kati ya punje na punje za unga, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoshika wino. Niliwahi kutumia maji ya moto kupita kiasi: vanishi yote ilibanduka, kazi ya wiki mbili ikapotea.

Kwa hiyo sikubali anayesema kwamba michoro yake ya kuchapa ni nakala za turubai. Weusi ule haupatikani kwa rangi, umechimbwa.

Kijana wa lile swali amechagua kuchora Katuba, mtaa wao. Barabara zote ameshazikwaruza kwa sindano kwenye bamba, mpaka kichochoro cha nyumbani kwao. Sukari tunaipiga Jumanne.