Mmea wa kudumu ni upi? Jibu liko chini ya udongo

Msimu wa kwanza nilipopanda glorioza, mmea wa maua unaotambaa, hapa Morogoro, nilidhani imekufa. Masika yalipokwisha, majani yaligeuka manjano, shina likakauka na kubaki limening'inia uani kama kamba kuukuu. Nikamwambia kijana aliyekuwa akinisaidia kulima avunje lile tuta tupande mchicha. Jembe lake likaibua kiazi kinono, cheupe kwa ndani, chenye umbo la herufi V. Kilikuwa kizima kabisa.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa maana ya "mmea wa kudumu". Wengi wetu tukisikia "kudumu" tunafikiria kitu kinachoonekana mwaka mzima, kama mwembe. Mwembe ni wa kudumu, kweli, lakini sifa hiyo haitokani na kuwa na majani muda wote. Mmea wa msimu, kama mahindi, huota, hutoa maua, huzaa mbegu, kisha hufa wote pamoja na mizizi, na ukitaka mwingine ni lazima upande tena. Mmea wa kudumu huishi zaidi ya miaka miwili, na kwa kawaida huchanua au kuzaa zaidi ya mara moja. Sehemu ya juu inaweza kupotea kila kiangazi. Muhimu ni kwamba kuna kitu kinachobaki hai.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni mgomba. Kile tunachokiita shina ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana. Kila mmoja hutoa mkungu mara moja tu, kisha tunaukata. Lakini tunguu lililo ardhini tayari limeshatoa machipukizi, na shamba linaendelea miaka na miaka bila mtu kupanda upya.

Glorioza hufanya jambo linalofanana na hilo, tena kwa namna inayonivutia zaidi. Kile kiazi kilichoibuliwa na jembe sicho nilichokizika. Kiazi mama huchipua, hutumia akiba yake yote kuotesha shina na maua, kisha hunywea na kwisha. Wakati huo majani yanajaza chakula katika kiazi kipya pembeni yake. Kwa hiyo ukikata majani yakiwa bado kijani kwa sababu maua yamepukutika, unakikatia riziki kiazi cha mwaka unaofuata. Acha yakauke yenyewe, na yakianza kugeuka manjano, punguza maji.

Ua lenyewe halihitaji kusifiwa sana: petali sita zilizopinda kuelekea nyuma, nyekundu zenye kingo za manjano, kama mwali wa moto. Zimbabwe imelifanya ua lake la taifa. Ncha za majani ni vikono vinavyojisokota kwenye chochote kilicho karibu, hivyo uupe mmea fito au uzio wa kutambaa.

Kupanda ni rahisi. Kilaze kiazi, usikisimamishe, kina cha sentimita 5 hadi 10, katika udongo usiotuamisha maji. Kishike taratibu, maana kila mkono wa ile V huchipua kwenye ncha yake tu. Ncha ikivunjika, mkono huo hautaota.

Katika nchi za baridi, mmea ukiitwa sugu maana yake unahimili barafu. Kwetu usugu wa kweli ni kuvuka kiangazi bila kumwagiliwa, na glorioza huvuka kwa kulala. Ni ya asili ya Afrika ya kitropiki, na Asia pia. Utaikuta vichakani na hata kwenye mchanga wa pwani. Nalisema hili kwa sababu bustani zetu zimejaa bogenvilia iliyotoka Amerika ya Kusini, huku ua la nyumbani likifyekwa njiani kama gugu.

Onyo moja, na ninalisema kwa uzito wote: mmea huu una sumu kali, kolchisini, kuanzia ua hadi kiazi, na kiazi ndicho cha hatari zaidi. Mtu anaweza kukidhania kiazi kikuu. Usiupande karibu na viazi vya kula, vaa glavu unapokishika, na kama nyumbani kuna watoto wadogo au mbuzi wanaozurura, panda kitu kingine.

Kiazi changu tulikirudisha ardhini mahali pengine, nikachomeka kijiti pembeni ili jembe lisipite tena hapo. Miezi ikapita, palikuwa na kijiti na vumbi tu. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, asubuhi moja nilikuta ncha ya kijani, nyembamba kama penseli, imepasua udongo kando ya kijiti.