Vibao vya gia visivyo na waya: redio ndiyo sehemu rahisi

Wenye Subaru Legacy za gia otomatiki huniletea ombi moja: usukani mdogo wa mbio, ule unaochomoka, na vibao viwili vya gia nyuma yake, vya kuvuta kwa vidole ili kupandisha au kushusha gia. Kufunga usukani si kazi kubwa. Balaa ni nyaya. Usukani wa kiwandani hupitisha umeme kwenye utepe uliojikunja ndani ya kasha lililo nyuma yake, na njia za utepe huo zimeshagawiwa honi, eabagi na vitufe vya redio. Ukifunga usukani wa kuchomoka, hata utepe wenyewe huna tena. Ndiyo maana vibao naviunganisha kwa redio badala ya waya.

Na eabagi nayo imekwenda, tusidanganyane. Gari la kupeleka watoto shule silifungii usukani wa kuchomoka. Mwenyewe akitaka vibao tu, namwekea kwenye usukani wake wa kiwandani bila kugusa eabagi, na hapo pia redio inatusaidia kwa sababu utepe hauna njia ya ziada.

Vibao hivi vilitoka Formula One. Ferrari 640 iliyobuniwa na John Barnard iliingia navyo msimu wa 1989, na dereva Nigel Mansell akashinda nayo mbio za kwanza tu, kule Brazil. Katikati ya mbio usukani wake ulilegea, mafundi wakambadilishia akiwa pit, akaendelea kupiga gia kama kawaida. Ile ilikuwa kazi ya kiwanda kizima. Vifaa vyetu vinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi.

Kwenye usukani naweka bodi ndogo ya ATmega328P (chipu inayoendesha programu) ya volti 3.3 na redio ndogo ya nRF24L01+. Kwenye dashibodi naweka jozi nyingine kama hiyo. Wengi hukimbilia ESP32, chipu yenye Wi-Fi ndani yake, lakini ikilala usingizi mzito huchelewa kuamka, na ikianza kurusha inavuta mkondo ambao betri bapa ya CR2032 haiwezi kuutoa. Zile redio za bei rahisi za 433 MHz sizitaki kabisa: zinarusha bila kujua kama ujumbe umefika, na mawimbi hayo yamejaa rimoti za mageti.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukivuta kibao, kuna mambo matatu yanayoweza kwenda mrama: ujumbe upotee, ufike mara mbili, au uchelewe. Ukipotea, dereva atavuta tena, basi. Ukifika mara mbili, gari linashuka gia mbili ukiwa ndani ya kona. Ukichelewa, gia inaingia wakati dereva ameshabadilisha nia. Kwa hiyo mfumo wote naupanga kwa kanuni moja: heri gia ipotee kuliko ijirudie au ichelewe. nRF24L01+ ina jibu la kupokea lililojengwa ndani yake, yaani redio ya upande wa pili hujibu kuwa ujumbe umefika; isipojibiwa, inaweza kurudia kurusha hadi mara 15. Naiwekea mikrosekunde 500 kati ya rudio na rudio, hivyo hata ikimaliza zote hazifiki milisekunde 20. Ikishindwa, ujumbe unatupwa, hakuna foleni. Juu yake kila ujumbe una namba yake, na mpokeaji akiona namba aliyokwisha kuitekeleza anaiacha ipite.

Badilisha pia anwani ya redio. Ukiacha ile ya kwenye mfano wa programu uliounakili, magari mawili yakiegeshwa sambamba yatabadilishiana gia. Kwenye chaneli, naona watu wanapanda juu ya 100 ili kukwepa Wi-Fi. Chaneli 100 ni 2.5 GHz, nje ya mawimbi yasiyohitaji leseni, yanayoishia 2.4835 GHz. Mimi hubaki 78.

Betri. Ng'oa taa ya LED ya bodi pamoja na regulata yake ya volti. CR2032 ina takriban mAh 220, na taa inayokula miliampea mbili au tatu itaimaliza ndani ya siku chache gari likiwa limeegeshwa tu. Bodi ilale, iamshwe na swichi yenyewe, na redio nayo ilale hadi hapo. Weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na redio, maana betri bapa ikianza kuchoka hulegea ghafla wakati wa kurusha. Betri za lipo (zile laini za lithiamu za kuchaji) nazikataa kwenye usukani unaoshinda juani.

Vibao vyenyewe nakata kwa alumini ya milimita 3. Swichi ndogo peke yake haina ladha mkononi. Hujui umevuta au bado. Gundisha kipande cha chuma nyuma ya kibao, maana alumini haishikwi na sumaku, kisha weka sumaku ndogo ya neodimiamu kwenye fremu. Kibao kinashikilia, unaongeza nguvu, kinaachia ghafla na kugonga swichi. Programu itume kwenye mguso wa kwanza, kisha ipuuze swichi kwa milisekunde 50, maana ikigongwa hugusa na kuachia mara kadhaa kabla ya kutulia. Ukiisubiri itulie kwanza ndipo itume, dereva atauhisi uvivu huo.

Upande wa giaboksi, magari mengi yenye njia ya + na − kwenye gia, ya kupandisha na kushusha kwa mkono, hutumia swichi zinazogusisha waya kwenye bodi ya gari. Usiamini mchoro wa mtandaoni, chukua mita: pima volti ya waya usipoguswa, kisha mkondo wake ukiguswa. Ukiwa mdogo, PC817 moja (swichi ya kielektroniki inayowashwa kwa mwanga) kwa kila upande inatosha na haina mlio wa rilei. Mguso uwe wa milisekunde 100 na ujiachie wenyewe, hata programu ikikwama, kwa hiyo washa watchdog, kile kipima muda kinachoiwasha bodi upya programu ikiganda.

Swichi za kiwandani ziache zilipo, ziunge sambamba. Betri ikiisha njiani, mkono unarudi kwenye gia ya kati. Na kompyuta ya giaboksi bado itakataa kushusha gia itakayoizungusha injini kupita kiwango chake. Giaboksi za mbio zisizo na kinga hiyo sizifungii redio, kwa bei yoyote.