Picha ya Vitani Huonyesha Siku Moja Tu
Wengi huamini kwamba boti ya doria ilivyoonekana kwenye picha ya vitani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini boti hizo zilibadilishwa mara kwa mara. Chukua PT-109 ya Marekani: mzinga wa milimita 37 ulifungwa gubetini saa chache tu kabla ya boti kugongwa na manowari ya Kijapani, usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, Visiwa vya Solomon. Picha za awali hazina mzinga huo, na hazidanganyi.

Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya picha. Kisha soma namba ya boti: ikigeuka kama kwenye kioo, picha imechapwa kinyume, na kilichoko kushoto kilikuwa kulia. Rangi usizikisie, filamu zisizohisi wekundu huufanya uonekane mweusi.