CDN ni nini, na inaharakishaje tovuti ya biashara ndogo?

Mteja anapofungua tovuti yako, kivinjari chake hakiombi kitu kimoja. Kinaomba ukurasa, halafu nembo, fonti, mafaili ya msimbo na picha za bidhaa moja moja. Kama yote yamekaa kwenye seva moja, kila ombi litafunga safari hadi huko, hata mteja awe bara jingine.

CDN, yaani mtandao wa kusambaza maudhui, ni seva nyingi zilizotawanywa katika miji mbalimbali, kila moja ikiweka nakala za mafaili yako. Mteja huhudumiwa na ile iliyo karibu naye kimtandao. Seva yako ya asili inabaki palepale, ila inapumua.

Kinachookolewa hapa ni umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 10,000 kutoka kwa mteja, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, tena tukichukulia kebo imenyooka moja kwa moja. Na safari haiwi moja: kwanza kufungua muunganisho, pili kukubaliana namna ya kusimba mawasiliano, tatu ndipo ombi lenyewe. Milisekunde 300 zimekwenda na mteja bado anatazama skrini nyeupe. Ukilipia seva yenye nguvu maradufu, hesabu hii haibadiliki. Kilomita zikiwa 100, safari hizohizo tatu ni milisekunde 3 za mwendo wa mwanga.

Akamai, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Tom Leighton na Daniel Lewin wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, ni miongoni mwa waliotangulia kuuza huduma hii. Siku hizi hata mwenye biashara ndogo anaimudu. Cloudflare, kwa mfano, ina kifurushi cha bure, na kuiwasha ni kubadilisha mipangilio ya DNS, yaani mfumo unaoelekeza jina la tovuti yako kwenye seva.

Shughuli iko kwenye nakala. Umebadilisha picha ya bango lenye bei, wewe unaona mpya, mteja anaona ya jana: nakala ya zamani haijaisha muda. Muda huo unaupanga wewe, kwa sekunde, katika maelekezo ambayo seva yako hutuma pamoja na faili; max-age=31536000 maana yake mwaka mzima. Mimi huyapa mafaili ya picha na ya CSS (yanayopanga mwonekano wa ukurasa) muda mrefu, na kila ninapoyabadilisha nayapa jina jipya, bango-1.jpg linakuwa bango-2.jpg. Jina jipya halina nakala ya zamani popote. Kurasa za kikapu na akaunti, usiziruhusu zihifadhiwe kabisa, maana mteja mmoja anaweza kuletewa taarifa za mwingine. Hilo ni kosa zito.

CDN haipunguzi uzito wa picha yenyewe, isipokuwa umewasha huduma ya kuzibana. Picha ya megabaiti 4 itamsumbua mwenye simu popote alipo, ipunguze kwanza. Vilevile, kama hifadhidata yako huchukua sekunde mbili kuandaa ukurasa, mteja atazisubiri sekunde hizo, kwa kuwa kwa kawaida Cloudflare huhifadhi picha na mafaili ya aina hiyo, si ukurasa wenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, bofya picha moja katika orodha ya maombi, na kama unatumia Cloudflare, utafute cf-cache-status katika vichwa vya jibu (response headers). Ikiandika HIT, nakala imetoka kwenye CDN. Ikiandika MISS, imefuatwa kwenye seva yako. Pakia ukurasa tena, uangalie kama MISS imegeuka HIT.