Uhandisi wa fani mchanganyiko: utaajiriwa kwa lipi?

Wanafunzi wa uhandisi unaochanganya fani huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: nikimaliza chuo, nitajiita nani? Mimi natoka kwenye mekatroniki, yaani fani inayochanganya mitambo, umeme na programu, na ushauri wangu ni mmoja. Chagua fani moja uizamie mpaka uweze kubishana na mabingwa wake. Zilizobaki, zijue kiasi cha kusoma michoro yao na kuuliza swali lenye maana. Aliyegusa kila kitu juu juu hukwama mapema kwenye usaili.

Thamani yetu iko pale fani zinapokutana, maana huko ndiko matatizo magumu hujificha. Chukua mkono wa roboti wenye mota na sensa ya nguvu. Mota ikitulia, sensa inasoma vizuri. Ikianza kuzunguka, namba zinarukaruka. Mtu wa programu ataongeza kichujio cha kulainisha namba. Mtu wa mitambo atakaza skrubu akidhani ni mtikisiko. Sasa unganisha osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, kwenye waya wa sensa: utaona miiba ya volti, na kila mwiba unatokea palepale saketi ya mota inapowasha au kuzima mkondo, maelfu ya mara kwa sekunde. Dawa yake inawahusu wote. Waya za sensa zisokotwe na zipitishwe mbali na za mota, kwa hiyo fremu itobolewe upya. Ardhi za saketi, yaani njia za kurudisha mkondo, zikutane sehemu moja. Na programu isome sensa katikati ya mapigo, siyo wakati mkondo unabadilika.

Makosa ya namna hii yana gharama. Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa kipimo cha pauni, na iliyopokea ikazichukua namba zile kama nyutoni. Tofauti yake ni takriban mara 4.45.

Ndiyo maana nasisitiza: usikwepe kalkulasi, mekanika na saketi ili ukimbilie kozi zenye majina ya kuvutia. Zana za programu hubadilika na utazijifunza kazini. Misingi ni vigumu mno kuirudia ukiwa na kazi ya kutwa.

Kwa upande wa ajira, mradi mmoja uliokamilika, unaofanya kazi na wenye maelezo yake, una uzito kuliko mitano iliyoachwa njiani. Andika kila kiungo, yaani kila mahali sehemu mbili zinapounganishwa: volti ngapi zinatumika, vipimo gani vinatumika, nini kinatokea waya ukichomoka. Ninapomsaili mtu huwa namwambia anieleze kitu kilichogoma na alivyokigundua chanzo chake, na aliyejenga kweli hujulikana upesi.

Halafu, kabla hujajisajili chuoni, ulizia kama shahada hiyo inatambuliwa na bodi ya wahandisi ya mahali unapotaka kufanya kazi. Baadhi ya bodi husajili kwa fani zilizozoeleka, na ni afadhali ulijue hilo mwaka wa kwanza, ukiwa bado unaweza kuchagua kozi.