Asidi gani hiyo ya siku ya tatu?

“Daktari, nimejaa asidi ya laktiki. Nikande itoke.” Wiki hii nimeisikia mara nne. Wa mwisho aliteremka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, maana mapaja yalikataa kupinda. Siku mbili kabla alikuwa mlimani. Nikamuuliza: kupanda kulikuumiza? Hapana, alihema tu. Na kushuka? “Kushuka kulikuwa raha,” akasema.

Jibu alikuwa nalo mdomoni, hakulisikia. Laktati, ndiyo hiyo asidi ya laktiki wanayoisema, huzalishwa kwa wingi wakati wa kupanda, unapohema. Ukishapumzika, ndani ya saa moja hivi imeshapungua hadi kiwango cha kawaida: moyo na misuli yenyewe huiunguza kama kuni, ini hugeuza sehemu yake kuwa glukosi. Kuteremka hutoa laktati kidogo sana, na ndiko kunakokuacha hoi siku ya pili na ya tatu. Kama asidi ndiyo ingekuwa mkosaji, wapandaji ndio wangetembea kinyumenyume.

Kinachotokea ni hiki. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja hukaza huku ukivutwa urefuke. Unafanya kazi ya breki. Baadhi ya sakomia, vile vipande vidogo vya kukaza ndani ya msuli, huvutika kupita kiasi, na utando wa seli huchanika hapa na pale. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani ya msuli uliotulia kwa takriban mara 10,000, kwa hiyo ikipata upenyo huingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Hapo ndipo kalpaini huamka. Hivi ni vimeng'enya vilivyokuwamo humo siku zote, vikisubiri kalsiamu ipande.

Kalpaini haimezi msuli mzima. Aktini na mayosini, zile nyuzi zenyewe za kukaza, haiziwezi sana. Hukata vishikizo: titini, desmini, na protini zinazoegemeza utando. Ni mtu anayekata kamba za hema na kuliacha turubai. Kubomoa kunakobaki hufanywa na mifumo mingine ya seli. (Kazi hiyohiyo ndiyo hulainisha nyama inayotunzwa siku kadhaa kwenye baridi baada ya kuchinjwa.)

Udhaifu nao watu huuelewa vibaya, wakidhani mguu hauna nguvu kwa sababu unauma. Pima nguvu mara tu baada ya mteremko, kabla ya maumivu yoyote: imeshashuka, na huenda ikachukua wiki nzima au zaidi kurudi. Sehemu kubwa ya tatizo ni mawasiliano. Amri ya neva inafika, lakini ghala la kalsiamu ndani ya seli, ile inayoziambia nyuzi zikaze, halifunguki vizuri. Katika majaribio, msuli wa panya ulioumizwa namna hii ukiwekewa kafeini, ambayo hulifungua ghala kwa nguvu, hurudisha sehemu nzuri ya nguvu zake. Nyuzi nyingi zilikuwepo, hazikuwa zikiambiwa. Na miongoni mwa protini ambazo kalpaini hukata kalsiamu ikizidi ni junktofilini, inayoushikanisha utando na ghala hilo. Maumivu huja baadaye, seli za usafi zinapowasili na uvimbe kuziamsha neva.

Kukanda nakanda, na wengi hupata nafuu. Ila sikamui kitu.

“Basi niache maziwa na vidonge vya kalsiamu?” La. Kalsiamu ya damuni hulindwa na homoni ndani ya mipaka finyu. Shida ni utando uliotoboka, si kikombe chako.

“Kwa nini wasitoe dawa ya kuizima kalpaini?” Kwa sababu hutumika pia kukarabati utando na kuondoa protini zilizoharibika, na mwili una breki yake, kalpastatini. Tena kuna ugonjwa wa kurithi wa misuli ya nyonga na mabega unaotokana na *kukosa* kalpaini-3 inayofanya kazi. Kwenye Duchenne, ugonjwa mwingine wa kurithi wa misuli, ni kinyume: distrofini, protini inayoegemeza utando, haipo, utando huchanika kwa kazi ya kila siku, kalsiamu huvuja bila kukoma.

“Isipouma, hujafanya mazoezi.” Hii nayo inanichosha. Mteremko mmoja humkinga mtu kwa wiki kadhaa. Wa pili huuma kidogo, na msuli unaendelea kujengeka. Ndiyo maana nawasumbua wote kwa wimbo uleule: wiki mbili kabla ya safari, shuka ngazi, chache tu, taratibu. Wananicheka, halafu wanarudi kinyumenyume.

Yule wa ngazi nilimuuliza pia rangi ya mkojo. Ulikuwa wa kawaida. Ungekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, nisingemgusa paja. Ningempeleka hospitali saa ileile, kwa kuwa mayoglobini, protini ya msuli inayoshika oksijeni, ikimwagika kwa wingi huweza kuua figo.