Kifaa nakipima umeme ukiwa umekatika

Watu wakishajua unatengeneza simu na kompyuta, swali halikosi: fundi, ninunue ipi? Hapa Busia, upande wa Uganda, nalisikia kila siku, kwa wabadilisha fedha wa mpakani, kwa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zigongwe muhuri, kwa walimu na kwa wanafunzi. Wengi wanatarajia nitaje jina la kampuni na idadi ya kamera. Mimi huanzia kwingine. Nauliza simu hiyo au programu hiyo itamfaa nini saa mbili usiku, umeme umekatika, bando limekwisha, na mtu yuko upande wa pili wa mpaka anasubiri malipo yake. Wachambuzi wengi wa vifaa hawaishi na maswali hayo, na ndiyo maana maoni yangu yanatofautiana na yao.

Nianze na pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, kwa sababu sijaona bidhaa nyingine inayowaibia watu kiasi hicho. Ganda limeandikwa 20,000 mAh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, simu yako ina betri ya 5,000, unagawanya unapata mara nne. Hutazipata hizo nne hata ukinunua pawabenki halali kabisa. Zile 20,000 zimepimwa kwenye seli za ndani, ambazo volti yake ni 3.7. Waya wa kawaida wa USB unatoa volti 5, kwa hiyo mle ndani kuna saketi ya kupandisha volti, na volti ikipanda mAh zinashuka. 20,000 kwa 3.7 ni saa-wati 74, yaani nishati yote iliyomo; zigawanye kwa 5 unabaki na 14,800. Hapo bado hujatoa kinachopotea kama joto kwenye saketi, kwenye waya na ndani ya simu yenyewe. Simu ya 5,000 itajaa mara mbili na nusu, ukibahatika karibu tatu. Kampuni zinazojiheshimu huchapa namba ya pili kwa maandishi madogo mgongoni, uwezo wa kutoa kwa volti 5. Mimi hutafuta namba hiyo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Feki ni habari nyingine. Nimefungua pawabenki iliyoandikwa 30,000 nikakuta seli moja ya mviringo, ya aina ya 18650, na pembeni mfuko wa mchanga uliobandikwa kwa gundi ili mkono uhisi uzito. Seli moja ya namna hiyo, hata ikiwa ya ubora wa juu, kwa kawaida haizidi sana 3,500 mAh, na ina gramu kama 45 hadi 50. Ili ufikie 20,000 unahitaji seli nane za 2,500, na hizo peke yake zinapita gramu 350 kabla ya ganda na saketi. Zile bapa nazo hazitofautiani sana kwa uzito. Kwa hiyo ukiwa na shaka, muuza sukari wa jirani ana mizani; mwombe akupimie. Pawabenki ya 20,000 yenye gramu 180 ni uongo, haihitaji mjadala. Yenye gramu 400 inaweza kuwa kweli au mchanga, na hapo angalia kama muuzaji yuko tayari kukupa risiti na siku chache za kuirudisha. Anayesafiri kupitia Entebbe akumbuke pia kwamba mashirika ya ndege huweka mpaka wa saa-wati 100 kwa abiria asiyeomba kibali, sawa na takriban 27,000 mAh. Ile ya 30,000, ikiwa ya kweli, imeshapita.

Chaja ni ndugu yake. Mteja analeta simu, anasema kioo kimekufa, kinajibonyeza chenyewe, kinafungua programu na kupiga simu ovyo. Namuuliza: kinafanya hivyo wakati wote, au ikiwa kwenye chaja tu? Mara nyingi ni kwenye chaja tu. Kioo cha mguso kinafanya kazi kwa kupima mabadiliko madogo sana ya umeme kidole kinapokaribia. Chaja ya bei ya kutupa haina vichujio vya kutosha, inapitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo, na simu inadhani kila kelele ni kidole. Chomoa waya. Kioo kikitulia, acha kioo, nunua chaja nyingine. Fundi anayekubadilishia kioo kabla ya kufanya jaribio hilo dogo amekuharibia pesa. Zaidi ya hilo, ukiifungua chaja ya namna hiyo unakuta upande wa volti 240 na upande wa volti 5 umepakana kwa nafasi finyu mno. Hitilafu kidogo tu, na umeme wa ukutani unaweza kufika kwenye waya ulioushika. Hilo ndilo linalonitia hofu hasa, kwa kuwa watoto huchezea simu zikiwa kwenye chaja.

Na umeme ukikatika, chomoa kila kitu. Ukirudi huja na msukosuko, na dakika zile za kwanza ndizo zinazoleta kazi nyingi mezani kwangu.

Sisi wa mpakani tuna shida yetu nyingine ambayo wa Kampala hawaijui: simu inarukia mtandao wa Kenya ukiwa umeketi sebuleni kwako Uganda. Salio linaliwa, intaneti inakatika, na betri inaisha haraka kwa sababu simu haikomi kutafuta mnara. Dawa yake ipo na haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima uchaguzi wa kujiendesha, kisha uchague mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Ukivuka kwenda upande wa pili, rudisha ulivyokuta. Naona ajabu kwamba kitufe chenye faida kubwa namna hiyo kimefichwa ndani kabisa, kurasa tatu nne chini.

Sasa programu. Nikiambiwa nichague moja tu iliyobadilisha maisha ya watu hapa, sitataja hata moja ya dukani kwa Google. Nitataja *165# ya MTN na *185# ya Airtel, namba za kutuma na kupokea pesa kwa simu. Menyu hizo za nyota na reli, zinazoitwa USSD, hutumia mfumo unaopita kwenye njia ileile inayotumika kuandaa simu na ujumbe mfupi, hauhitaji bando, na unafanya kazi kwenye katochi, simu ndogo ya vitufe, sawasawa na kwenye simu ya mamilioni. Mama anayeuza mukene, yaani dagaa, anapokea malipo kwa simu ambayo betri yake inakaa karibu wiki. Nimesoma watu wakiidharau USSD kuwa ni teknolojia ya kizamani. Mimi naiheshimu kwa dhati. Programu za simujanja za kampuni hizohizo ni nzuri pia, zinakuonyesha historia ya miamala vizuri na zinaficha namba ya siri unapoiandika, jambo ambalo USSD kwenye simu nyingi hailifanyi, kwa hiyo ukiwa kwenye foleni kinga kioo kwa kiganja. Ila programu hizo zinataka bando na simu yenye nafasi. Kuwa nazo ni vyema. Usisahau tu namba yako ya nyota.

Nafasi ndiyo inayonileta kwenye WhatsApp. Mama mmoja mfanyabiashara huja dukani mara kwa mara.

"Fundi, simu imejaa tena. Haipokei hata picha."

"Shikamoo mama. Tuangalie WhatsApp kwanza."

"Marahaba mwanangu. Angalia, lakini usinifutie wajukuu."

Wajukuu wako salama. Kinachojaza simu ni video za vikundi: mahubiri, vichekesho, salamu za asubuhi zenye maua. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: unachotuma nacho huhifadhiwa. Ukirekodi video na kuituma, mara nyingi unabaki nayo mara mbili, moja kwenye kamera na nyingine kwenye folda ya WhatsApp ya vilivyotumwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ufungue usimamizi wa hifadhi; utaona kila kikundi kimekula kiasi gani, kuanzia kilicho kizito. Hapohapo zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video. Kuanzia siku hiyo unapakua unachokitaka tu, na bando linadumu. Nakala za mazungumzo zinazokwenda Google nazo, tangu 2024, zinahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure unazogawana na barua pepe na picha zako, kwa hiyo zitoe video kwenye nakala hiyo.

Wanaotumia GB WhatsApp, ile nakala ya WhatsApp iliyochakachuliwa, nawaomba waachane nayo. Najua inavutia: rangi, kuficha alama za kusoma, kuona ujumbe uliofutwa. Lakini umemkabidhi mtu usiyemjua mazungumzo yako yote, na namba yako inaweza kufungiwa. Kwa mtu ambaye wateja wake wote wako kwenye namba hiyo, sioni rangi gani inalingana na hasara hiyo. Kuna walioikimbilia kwa sababu simu yao ya zamani imekataliwa na WhatsApp halisi, maana Januari 2025 iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya 5.0. Simu ya chini ya hapo haipati ulinzi wowote tena. Pesa ya kuitengeneza iwekwe kwenye nyingine ya mtumba iliyo mpya zaidi.

Kuhusu bando lenyewe, kumbuka kwamba tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 kwenye intaneti, uliochukua nafasi ya zile shilingi 200 za kila siku za mitandao ya kijamii zilizoanza Julai 2018. Kwa hiyo kila MB inayopakua tangazo imelipiwa ushuru na wewe. Ndiyo maana naitetea Firefox, kivinjari cha intaneti, kwenye Android: inakubali uBlock Origin, kizuia matangazo kilekile cha kwenye kompyuta, na kurasa za habari zinakuwa nyepesi mara moja. Opera Mini nayo bado ina kazi yake. Inapitisha ukurasa kwenye seva zake, inaukandamiza, kisha inakuletea uliopungua. Kwa habari na matokeo ya mpira ni sawa kabisa. Kwa benki, hapana, kwa sababu ukiiweka kwenye ukandamizaji wa juu kabisa ukurasa unafunguliwa kwenye seva ya katikati kabla haujakufikia. VPN za bure, programu zinazopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, zilizoenea sana Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, nazitazama kwa jicho hilohilo: data yako yote inapita kwa mtu asiyekutoza chochote, naye seva zake zina gharama. Atakuwa anazilipia kwa njia fulani.

Programu ninazozipenda kuliko zote ni zile zinazofanya kazi bando likiwa sifuri. Organic Maps, programu ya ramani, ni mojawapo. Unapakua ramani mara moja, imetengenezwa kwa data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na baada ya hapo GPS ya simu inakutosha, maana satelaiti hazidai bando. Haina matangazo wala haifuatilii mwendo wako. Vijana wa boda ninaowawekea hurudi na wenzao. Nyingine ni Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima ndani ya memori kadi. Ya Kiingereza yenye picha ni kubwa, kama GB 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye simu ya kawaida na kubakiza nafasi. Shule yenye kompyuta chache na isiyo na intaneti inaweza kuwa na maktaba hiyo mchana mmoja tu. Walimu wanaonisoma, nileteeni flashi, nitawawekea bila malipo.

Ila flashi hiyo ipimwe kwanza, kwa kuwa soko limejaa za uongo. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Kidhibiti chake kimedanganywa kiiambie kompyuta uongo, na ukipita zile 8, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani kimyakimya. Utagundua siku unapotafuta picha za harusi. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, huijaza flashi nzima kisha kuisoma tena, na jibu linakuja bila kubahatisha. Ni polepole, iache usiku kucha kama umeme upo.

Nimalizie na laptopu za mtumba, kwa sababu mwaka huu ndizo zinazoulizwa zaidi. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi tulizo nazo haziwezi kupokea Windows 11 kwa njia rasmi, ama prosesa ni ya zamani ama hazina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Usiitupe. Ikiwa bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Hakuna shilingi utakayoitumia kwenye kompyuta ya zamani ikakurudishia kasi kama hiyo. Kisha weka Linux Mint, aina ya Linux, badala ya Windows. Kwa RAM ya GB 4 inakwenda, kwa 8 inakwenda vizuri, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua barua na hesabu zako za kila siku. Ijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, uone kama Wi-Fi na printa yako vinakubali. Anayelazimika kubaki na Windows 10 kwa ajili ya programu fulani ya kazini, ajiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya muda wa ziada ambayo Microsoft inayatoa, na miamala ya benki aifanyie kwenye simu.